Duka linalotaka namba ya simu kabla hujaona bei ya bati

Nyota 2 kati ya 5. Nazitoa kwa uchungu, kwa sababu duka hilihili mwaka jana ningelipatia nyota zote 5 bila kusita. Ni duka la mtandaoni la vifaa vya ujenzi. Ghala liko Dar es Salaam na mzigo unasafirishwa mikoani. Jina nimelihifadhi. Nataka wenyewe wasome na warekebishe ili nirudi kununua, maana nyumba yangu bado ina safari ndefu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Ninajenga Kihonda, mdogo mdogo, kwa mshahara na mkopo wa SACCOS. Mume wangu yuko Tunduma kikazi, kwa hiyo karibu kila kifaa cha nyumba hii tumekiamua kwa simu. Mimi natafuta, namtumia linki, anaangalia akiwa huko, tunabishana, tunakubaliana, mmoja wetu analipa. Ndiyo maana nilipolijua duka hili mwaka jana nililipenda mno. Nilikuwa natafuta simtanki la lita 2,000. Nilifungua ukurasa nikakuta kila kitu kimeandikwa: picha tatu, ujazo, kimo, upana, miaka ya dhamana, bei, na chini yake gharama ya usafiri mpaka Morogoro mjini. Nilimtumia mume wangu ukurasa uleule, akaona nilichokiona mimi. Tulipoamua, ndipo waliponiuliza jina, namba ya simu na mahali pa kushushia. Mzigo ulifika Msamvu kwa fuso, ukaletwa Kihonda kwa kirikuu, na yule kijana dereva hakuondoka mpaka tulipoligeuza tangi lote kukagua kama lina ufa. Huduma ya namna hiyo ni nadra. Nyota 2 nilizotoa leo ni zake yeye na waliompakilia.

Sasa njoo mwaka huu. Boma limefungwa lenta, tumefika hatua ya kupaua. Nafungua tovuti kwa simu yangu, inaonekana picha ya nyumba yenye bati la maruni, na kabla sijasoma mstari wa kwanza karatasi nyeupe inashuka na kufunika kioo chote: "Jisajili au ingia ili kuendelea." Hakuna alama ya kufunga. Hakuna "baadaye". Ukirudi nyuma unatolewa nje kabisa. Nikajaribu kupitia Google, nikaandika aina ya bati pamoja na jina la duka. Nilipobonyeza, karatasi ileile ikashuka. Ule ukurasa wa simtanki niliomtumia mume wangu mwaka jana, ambao bado uko kwenye mazungumzo yetu ya WhatsApp, nao ukiubonyeza leo unakutana na karatasi hiyohiyo.

Fomu yenyewe inataka jina la kwanza, jina la ukoo, namba ya simu, barua pepe, mkoa, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, na nywila yenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Chini kabisa kuna kisanduku kilichokwisha kuwekwa tiki kwa niaba yako, kwamba umekubali kupokea ofa kwa ujumbe mfupi. Haya yote yanatakiwa kabla hujaona bei ya msumari mmoja.

Ambaye hajawahi kupaua nyumba anaweza kuona nalalamikia jambo dogo: si ujaze tu fomu? Ngoja nieleze mtu anayetafuta bati anatafuta nini, maana hapo ndipo penye maumivu.

Bati halinunuliwi kwa kuona rangi. Kwanza kuna geji. Namba ya geji ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba. Geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, na kwa macho ya mtu kama mimi yote ni bati tu. Fundi wangu ana kifaa kidogo cha kupimia unene na haendi dukani bila nacho, kwa sababu ameshaona bati la geji 30 likiuzwa kwa jina la geji 28. Yeye haulizi geji peke yake, anauliza unene kwa milimita. Halafu kuna mpako. Bati zuri limepakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, na kiasi chake huandikwa AZ ikifuatiwa na gramu kwa mita ya mraba: AZ70, AZ100, AZ150. Mpako ukiwa mwepesi kutu inawahi. Halafu kuna mtindo, IT5 au msauzi au lile la migongo midogo la siku zote. Kuna yanayouzwa kwa mita na kukatwa kwa urefu unaotaka, na kuna yanayouzwa kwa bati zima la futi 8 au 10. Mtindo ukibadilika, hesabu ya mbao nayo inabadilika, na hata mteremko wa paa. Kisha kuna kofia, misumari yenye mpira, mabati ya pembeni ya kuzuia maji, vitu ambavyo usipovihesabu mapema vinakula ile akiba ya mwisho.

Kwa hiyo mtu anayepaua huangalia duka hili, akaangalia lile, akarudi la kwanza, akamwonyesha fundi, akamwonyesha mwenzake, akalala, akaamka na wazo jingine. Kutazama ndiyo kazi yenyewe. Anayenizuia kutazama amenizuia kununua, kwa sababu hakuna mwalimu atakayetoa mamilioni ya SACCOS kwa kitu alichokiona kwa kuibia.

Fundi alikuwa ameniandikia kwenye karatasi ya daftari vipimo anavyovitaka. Nikamtumia linki ya ukurasa wa mabati nikitumaini kwake itafunguka. Akanipigia: "Mwalimu, mbona wananiuliza nimezaliwa lini?" Fundi huyu anapaua nyumba nyingi kwa mwaka, na kila nyumba ni mzigo mzima wa mabati. Hana barua pepe na haoni sababu ya kuwa nayo. Duka limemfungia mlango mtu anayewaambia wateja wote wa mtaa wetu wakanunue wapi.

Naenda Kariakoo, nateremka Mtaa wa Msimbazi, naingia duka lolote, nashika kitu, nakigeuza, nauliza bei, natoka bila kununua, na muuzaji ananiambia karibu tena. Hata pale Msamvu kwa wauza mabati unaruhusiwa kugonga bati kwa kidole usikie mlio wake. Hakuna aliyewahi kusimama mlangoni na daftari la majina. Biashara ya pwani hii yote imekua hivyo: bei inasemwa kwanza, mabishano yanafuata, jina linakuja mwisho kabisa au lisije kabisa.

Na hapa nataka watu wa duka hili wanielewe vizuri, kwa sababu nadhani waliobuni mfumo huu waliuiga mahali ambako namba ya simu ni namba ya simu tu. Kwetu si hivyo. M-Pesa ilipoanza Kenya 2007 na kuja kwetu 2008, namba ya simu iligeuka pochi. Mshahara unapita humo, ada ya mtoto inapita humo, mchango wa msiba unapita humo. Na namba hiyo imebeba jina: mtu yeyote akianza kunitumia pesa, kabla hajathibitisha anaonyeshwa jina langu kama lilivyosajiliwa. Kwa hiyo aliye na namba yangu anaweza kupata jina langu kamili hata kama sikumpa. Ongeza tarehe ya kuzaliwa, mkoa na barua pepe, mtu huyo anaweza kunipigia akajifanya ni wa benki, na nikamwamini.

Sote tunazijua zile meseji, "ile hela itume kwenye namba hii." Mama mkwe wangu alizipata kwa mfululizo mwaka mzima, akafikia hatua ya kuzima simu usiku. Kila orodha mpya ya namba inayowekwa mahali ni orodha nyingine inayoweza kuvuja. Yahoo walikiri mwaka 2017 kwamba uvamizi wa 2013 uligusa akaunti zao zote, bilioni 3. Kama kampuni ya ukubwa ule ilishindwa kulinda, duka la mabati lenye fundi kompyuta mmoja litalinda vipi tarehe yangu ya kuzaliwa? Njia ya uhakika ya kutovujisha taarifa ni kutoichukua.

Pamoja na hayo yote, nilijisajili. Nilitaka kutenda haki katika tathmini hii, na nilihitaji mabati. Laini niliyotaka kuwapa ni ile isiyo na pesa, ambayo ipo kwenye kitochi nyumbani, nami nilikuwa shuleni. Namba za uthibitisho zilitumwa huko. Zinadumu dakika chache tu, kwa hiyo nilipofika nyumbani jioni zilikuwa zimekwisha muda. Nikaomba nyingine. Mtandao wa Kihonda jioni unazubaa. Ujumbe ulichelewa mpaka na wenyewe ukaisha muda. Wakati huo bando linaliwa, kwa sababu kila ukianza upya ukurasa unapakia ile picha kubwa ya nyumba ya maruni. Hatimaye nikaingia.

Nikaingia, nikafungua mabati, nikachagua IT5, geji 28. Mahali pa bei pameandikwa: "Wasiliana nasi kwa bei."

Nilikaa nikaitazama simu ile. Nimetoa jina, umri, mkoa, namba na barua pepe, na nilichopewa ni picha. Milimita hazikuandikwa. AZ haikuandikwa. Gharama ya usafiri, ambayo mwaka jana ilikuwa wazi, imeondolewa.

Nikapiga huduma kwa wateja. Aliyepokea ni kijana mwenye adabu, simlaumu kwa lolote. "Shikamoo mama, ukishajisajili utaona kila kitu." Nikamwambia nimeshajisajili, mwanangu, na bei haionekani. Akaniambia basi afisa mauzo atanipigia. Alinipigia kesho yake nikiwa katikati ya kipindi cha hisabati darasa la sita, akanitajia bei kwa mdomo. Nilipoomba aniandikie kwa WhatsApp nimtumie mume wangu, akasema bei inabadilika kwa hiyo hawaandiki. Mwaka jana waliandika. Na tangu siku hiyo meseji za ofa zinaingia, mara nyingi saa tatu usiku, kwa sababu ya kile kisanduku chenye tiki ambacho nilikiondoa kwa mkono wangu na mfumo haukujali.

Afisa mauzo yule nilimuuliza kwa nini walifunga. Akanipa sababu mbili: washindani walikuwa wanaangalia bei zao na kuzipunguza, na uongozi unataka kujua nani anatembelea. Nimezifikiria kwa haki. Ya kwanza haisimami, kwa sababu mshindani ana simu kama mimi, na atajisajili kwa dakika moja tena kwa jina la uongo. Anayekwama ni fundi wangu. Ya pili naielewa zaidi. Mwenye duka anapenda kumjua mteja. Lakini mteja anayejulikana ni yule aliyenunua akaridhika. Mimi walikuwa wananijua tangu simtanki: walikuwa na namba yangu, na ramani ya Kihonda dereva aliyochora nyuma ya risiti. Kunijua hakukuwazuia kunifungia mlango.

Jambo hili halikuanzia kwao na silisemi kana kwamba ni wao tu. Kwetu lina ndugu yake tunayemjua wote, "bei njoo inbox". Muuzaji anaweka picha ya sofa Instagram, watu wanauliza bei chini yake, anawajibu kila mmoja aje inbox. Na Instagram yenyewe, ukiifungua kwenye kompyuta bila akaunti, inakuachia picha chache kisha inakuwekea dirisha la kuingia. Kwa hiyo bila akaunti hufiki hata hapo pa kuambiwa njoo inbox. Wafanyabiashara wadogo wengi hawana tovuti, Instagram ndiyo duka lao, nawaelewa. Lakini bei ya sofa si siri ya familia. Anayeificha mara nyingi anataka kwanza kujua wewe ni nani ndipo aipange, na wateja tunalijua hilo.

Twitter walifanya kubwa zaidi. Juni 30, 2023 waliwafungia wote wasio na akaunti, mtu akibonyeza linki ya tangazo anatupwa kwenye ukurasa wa kuingia. Elon Musk alisema ni hatua ya dharura ya muda, kwamba kuna wanaochota data kupita kiasi. Kesho yake akawawekea kipimo hata wenye akaunti: machapisho 6,000 kwa siku kwa waliothibitishwa, 600 kwa wasiothibitishwa, 300 kwa akaunti mpya. Vipimo vile vililegezwa baadaye, na chapisho mojamoja likarudi kuonekana, lakini niliyoyaona shuleni kwetu sikuyasahau. Walimu wenzangu waliozoea kusoma matangazo ya taasisi za serikali kule bila kuwa na akaunti walianza kutegemea skrinshoti za kwenye makundi ya WhatsApp, na ukweli na uzushi zikawa zinafika kwa sura moja. Taarifa ya umma ikikaa nyuma ya mlango wa kampuni, siku kampuni ikifunga mlango umma unabaki nje.

Na si kwamba haiwezekani kufanya vizuri. Matokeo ya NECTA yakitoka, unafungua tovuti yao, unabonyeza mwaka, unabonyeza shule, unasoma. Mzazi wa Ulanga asiye na barua pepe anasoma sawa na ofisa elimu. Hukumu za mahakama zetu ziko kwenye tovuti ya TanzLII, yeyote anasoma bila kujisajili. Wikipedia unasoma makala yote usiku kucha na hakuna anayekuuliza jina. Kama hukumu ya Mahakama ya Rufani inasomwa bure na wazi, sioni kwa nini bei ya bati ifichwe.

Wenye duka wanaoamini kwamba kulazimisha usajili kunaleta wateja, nawaomba wasome kisa alichokisimulia Jared Spool, mtaalamu wa Marekani wa matumizi ya tovuti, mwaka 2009. Duka moja kubwa la mtandaoni lilikuwa linawalazimisha watu kujisajili kabla ya kulipa. Walipowakalisha wanunuzi na kuwatazama, waliona wapya wanakasirika kwa kuombwa kujisajili, na wa zamani hawakumbuki walijisajili kwa barua pepe ipi. Wengi walikuwa wamejisajili zaidi ya mara moja. Duka likaondoa kitufe cha kujisajili, likaweka cha kuendelea, na sentensi fupi inayosema huhitaji akaunti ili kununua. Waliokamilisha manunuzi wakaongezeka kwa asilimia 45, na mwaka wa kwanza mauzo yakapanda kwa dola milioni 300. Na lile duka la Marekani lilikuwa linaonyesha bei! Lilizuia watu kwenye kulipa tu. Hili letu linazuia kwenye kutazama, hatua ya kwanza kabisa.

Kuna hasara nyingine ambayo sidhani kama wameipima. Roboti ya Google haijazi fomu. Kurasa zilizofungiwa ndani ya akaunti haisomi kilichomo, kwa hiyo baada ya muda mtu wa Iringa au Singida anayeandika "bati geji 28 bei" hatawaona. Mwaka jana mimi niliwapata hivyohivyo, kwa kuandika "simtanki lita 2000 bei Morogoro". Sikuwa nimesikia jina lao kabla ya siku ile.

Sheria nayo ipo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisizidi zinazohitajika kwa lengo hilo, na tunayo Tume ya kuisimamia. Kenya walitunga ya kwao mwaka 2019 yenye msingi huohuo. Mimi si mwanasheria, lakini nafundisha watoto kusoma sentensi na kuielewa, na sentensi hiyo inaeleweka. Lengo likiwa kunionyesha bati, tarehe yangu ya kuzaliwa haihitajiki. Kisanduku kilichotikiwa na mtu mwingine si ridhaa yangu. Wenye duka wakitaka kumsikiliza mtu mmoja katika haya yote, wamsikilize mwanasheria wao.

Kwa anayetaka kununua hapo leo, ushauri wangu ni huu. Vifaa vyao mwaka jana vilikuwa vizuri na usafirishaji wao ni wa kuaminika, hilo nalisema bila kinyongo. Usijisajili. Piga namba ya huduma kwa wateja iliyoko chini ya ukurasa, taja kifaa, omba milimita na AZ, na sisitiza bei ije kwa maandishi. Wakikataa kuandika, tafuta kwingine. Ukilazimika kujisajili, tumia laini isiyo na pesa, na nywila usiyoitumia mahali pengine popote. Tarehe ya kuzaliwa iache wazi kama mfumo utakuruhusu, mimi haukuniruhusu.

Mabati nimenunua kwa muuzaji wa Msamvu, mwenye duka lisilo na tovuti hata moja. Fundi alipima unene pale pale mbele yangu, muuzaji akaandika bei kwenye kitabu cha ankara, nikaipiga picha nikamtumia mume wangu Tunduma, na jioni ileile tukalipa. Bei ilikuwa juu kidogo ya ile niliyotajiwa na afisa mauzo kwa mdomo. Tulilipa tofauti hiyo kwa moyo mweupe, kwa sababu tulijua tunalipia nini.

Duka la mtandaoni nimeliandikia kuomba akaunti yangu ifutwe, kwa kuwa ndani ya tovuti hakuna mahali pa kuifuta mwenyewe. Walijibu kwamba ombi limepokelewa. Meseji za ofa bado zinaingia; ya juzi ni ya rangi za ukuta, nayo haina bei.

Kwangu bado kuna marumaru za sebule na korido, masinki mawili, milango, na jipsamu kama mkopo utaruhusu. Marumaru nitaanza kuzitafuta Desemba shule zikifungwa, na mume wangu atakuwa likizo, safari hii tutatazama pamoja kwenye simu moja. Tutaanza na tovuti yao. Karatasi nyeupe ikishuka tutafunga tuendelee na nyingine. Isiposhuka, na bei ikiwa mahali pake kama ilivyokuwa kwenye simtanki, nitakuja kuzibadilisha nyota hizi siku hiyohiyo.